Tundu Katikati ya Ramani

Ramani ya shule imekunjwa mara nne
tangu enzi ya mwalimu aliyenitangulia,
na karatasi, kama nguo, huchakaa pale inapokunjiwa.
Pembe zote ni nzima: Mtwara, Kagera,
Tanga na bandari yake, Rukwa na ziwa lake.
Katikati pametoboka.
Tundu la upana wa gumba,
kutoka Manyoni mpaka jirani na Kongwa;
ukiitundika dirishani, jua linapenya hapo hapo.

Manzase, Darasa la Tano, kipindi cha tatu.
Nimeandika ubaoni: KANDA ZA HALI YA HEWA.
Kijani ni mvua nyingi. Hudhurungi ni nyanda za juu.
Njano ni nusu ukame.
Chilongani alinyoosha mkono, hakungoja kuitwa:
"Mwalimu, rangi yetu ipi? Mbona sisi tumo kwenye tundu?"

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.
Mimi wa Muleba, niliyekulia migombani
ambako mvua ni jirani asiyepiga hodi,
mwaka wangu wa kwanza hapa niliwaandikia nyumbani
kwamba nimepangiwa mahali pasipo na kitu.
Na neno lile, nusu, nalitamka kila Januari, chaki mkononi,
kana kwamba kuna mtu amewahi kuiona
nusu nyingine ya ukame, akaiacha.

Basi tukatoka nje kuziba tundu.
Kaskazini tuliipata kwa kivuli cha mlingoti wa bendera.
Fimbo, majivu, udongo mwekundu wa kichuguu,
mchanga wa korongo kwa ajili ya korongo lenyewe,
na unga wa mlenda mkavu pale Sechelela alipotaka kijani.
"Kidogo tu," aliwaonya wenzake. "Hiyo ni ya miezi minne."

Kipimo cha mvua kilikuwa chupa ya mafuta ya alizeti
iliyokatwa shingo. Daftari lake ninalo:
Jumatatu, milimita kumi na moja.
Jumanne, sufuri.
Jumatano, wingu, upepo, vumbi, sufuri.
Alhamisi, haijulikani. Madinda aliinywa.

Lakini Nyemo ndiye aliyenishinda.
Ramani yake haikuwa na shule wala barabara ya Iringa.
Ilikuwa na nyumba moja, korongo,
na visima vitatu vya kufukua mchangani,
kimoja duara tupu: hicho ni zamu ya ng'ombe.
Pembeni, kwa penseli iliyolambwa, kipimio:
sentimita moja ni kutua ndoo mara moja.

"Nyemo, nyumbani mpaka kisimani ni umbali gani?"
"Sufuri, mwalimu."
"Na kisimani mpaka nyumbani?"
"Saba. Mama akiwepo wa kunitwika, sita."

Nikamweleza. Umbali haubadiliki, nikasema,
kwenda ni sawa na kurudi, ndivyo kitabu kinavyosema.
Alinisikiliza kwa adabu zote
za mtoto anayesubiri mtu mzima amalize.

Jioni nikasahihisha madaftari.
Juu ya ile sufuri niliandika K kwa wino mwekundu,
mkono ukasita.
Imebaki K hivyo hivyo mpaka leo, peke yake;
haikufika kuwa Kosa, haikufika kuwa Kweli.

Mtihani wa wilaya ulikuja na swali lake:
Dodoma iko katika ukanda gani? (Alama 1)
Wote walipata. Hata Madinda.

Kiraka tulikibandika kwa uji wa uwele,
mikono kumi na moja ikigombania kona moja:
korongo, visima, majivu, kijani cha miezi minne.
Usiku panya walikuja kwa ajili ya uji,
wakala Singida kidogo.
Asubuhi Chilongani alisogea karibu, akatazama,
akasema, "Sisi tupo,"
akarudi kukaa.

Siku hizi ramani siikunji.
Naiviringisha.